Motere ya Pembe Tatu

Shemeji yangu Nzabandora alizaliwa Karuba, juu kwenye vilima vya Masisi, katika ukoo uliolima viazi na maharagwe tangu enzi za babu wa babu. Yeye jembe hakulipenda. Alipenda moto. Aliokota aluminiyumu iliyotupwa, vifuniko vya mashini, sahani zilizotoboka, hata mlango wa gari lililopinduka njia ya Ngungu, akaviyeyusha na kumimina kwenye udongo alioupondaponda mwenyewe. Kesho yake mama fulani anapika ugali kwenye sufuria mpya.

Alimwoa dada yangu Thacienne mwaka 1999. Mimi naitwa Joséphine-Marie, nilikuwa nafundisha shule ya msingi hapo Karuba na niliishi kwao miaka minne. Kwa hiyo mengi ya haya niliyaona kwa macho. Yaliyotokea Walikale na Goma alinieleza yeye, kipande kwa kipande, tukichambua maharagwe, maana mikono yake haikuweza kukaa bure wakati mdomo unasema.

Rafiki yake aliitwa Hakorimana, na sisi wote tulimwita Hako. Walikua pamoja. Nzabandora aliacha shule mwaka wa tano baba yake alipofariki. Hako aliendelea mpaka akapata dipilome ya ufundi, na Kifaransa chake kilitiririka kama maji ya mfereji. Barua ikija kutoka ofisini, anaitwa Hako aisome. Nzabandora hakumwonea wivu hata kidogo. Aliniambia siku moja, "Shemeji, Mungu alinipa mikono, akampa Hako mudomo. Tukiwa wawili, tuko muntu muzima." Hakula chakula kizuri bila kumtuma mtu akamwite Hako.

Mwaka 2004 hao wawili walitengeneza kigari cha mchezo. Chukudu kila mtu anaijua, ile baiskeli ya mbao ya magurudumu mawili, unasimama juu yake na mzigo mbele. Hii ilikuwa na manne. Unakaa chini karibu na ardhi, miguu umeinyosha, unashika usukani wa mti. Hako aliiita karti, jina alilolitoa kwenye vitabu. Jumapili baada ya misa walishuka nayo mteremko wa kuelekea Mushaki, na kuku wote wa kando ya njia walijua kukimbia. Kushuka ilikuwa raha. Kupanda, walirudi wakiisukuma, jasho mpaka mgongoni.

"Hii kintu inakosa motere tu," alisema Nzabandora.

Wangeweza kuchukua motere ya pikipiki iliyokufa. Lakini wiki ile ile Hako alikuja na kitabu kisicho na jalada, alichokipata katika nyumba ya zamani ya shamba moja la ng'ombe, na ndani kulikuwa na mchoro wa motere ambayo Nzabandora hakuwahi kuiona. Haikuwa na pistoni inayopanda na kushuka. Ilikuwa na kipande kimoja cha pembe tatu, mbavu zake zimevimba kidogo, kinachozunguka ndani ya chumba cha chuma. Pembe zote tatu zinagusa ukuta daima, kwa hiyo ndani mnakuwa na vyumba vitatu vinavyokua na kusinyaa: kimoja kinavuta hewa na esansi, yaani petroli, cha pili kinabana, cha tatu kinalipuka na kutoa moshi. Hako alimsomea ukurasa ule mara nne. Mara ya nne Nzabandora alikuwa hasikilizi tena, alikuwa anatazama mchoro tu.

"Vipande vinavyotembea ni ngapi?" aliuliza.

"Viwili. Ile pembe tatu, na mhimili wake."

"Basi tunaweza."

Walikaa juu ya jambo hilo karibu miaka mitatu. Mimi si fundi, naeleza kama nilivyoona. Ndani ya ile pembe tatu inatakiwa pete ya meno, na pete hiyo inatembea juu ya gia ndogo isiyozunguka, iliyofungwa kwenye ubavu wa motere. Pete ikiwa na meno thelathini na sita, gia lazima iwe na ishirini na manne, isizidi wala kupungua. Pete aliipata ndani ya demarere, ile mota ya kuwashia, ya lori lililoungua. Gia aliichonga kwa limu, yaani tupa ya chuma, jino kwa jino, wiki tano. Mara mbili aliitupa akaanza upya.

Kisha kulikuwa na ukuta wa chumba. Umbo lake si duara. Hako alijaza kurasa za hesabu, na hesabu zikakataa. Nzabandora alifunga ile gia kwenye ubao isizunguke, akaivisha pete, akafunga kwenye pete kijiti chenye msumari nchani, akazungusha taratibu. Msumari ukachora wenyewe kwenye ubao umbo kama ganda la karanga lenye punje mbili.

Hako alisimama akapiga makofi. "Njo yenyewe! Njo ile iko mu kitabu!"

Kutokana na ubao ule alichonga kalibu za mbao, akamimina chumba cha aluminiyumu, na ndani akakivisha ukanda wa chuma aliokata kwenye msumeno mkubwa wa kupasulia mbao, akiukunja kwenye moto kidogo kidogo kufuata mchoro. Kilichowatesa zaidi ni vile vijiti vidogo vinavyokaa kwenye ncha za pembe tatu kuziba pumzi isipite. Akivitengeneza kwa chuma laini vinaisha. Akiviweka vya chuma kikali vinakwaruza ukuta, na motere inakosa pumzi. Alijaribu aina saba. Mwishowe alivunja tambura ya freni, ile ngoma ya breki ya lori, akakata vijiti humo, akavisugua kwenye jiwe mpaka vikang'aa, na chini ya kila kimoja akaweka kispringi cha saa mbovu. Siku ile Hako alikuwa Goma. Nilikuwepo mimi na dada yangu.

Hako aliandika yote kwenye kaye, daftari lake, kwa Kifaransa, na michoro safi. Siku moja kaye ilikuwa mezani, nikasoma jalada. Jina lilikuwa moja tu, lake. Nilimuuliza kwa mzaha, "Hako, na shemeji yangu umemuacha wapi?"

Akacheka. "Ni kaye yangu tu, mwalimu. Wewe kaye zako unaandikaka jina la nani?"

Nikanyamaza. Sikumwambia Nzabandora, wala sikumwambia Thacienne. Lilionekana jambo dogo.

Mwezi wa sita wa mwaka 2007, Jumamosi asubuhi, motere iliwaka. Walivuta kamba mara kumi na moja. Ilikohoa, ikatema moshi, ikanyamaza. Mara ya kumi na mbili ikashika. Sauti yake haikuwa pa-pa-pa ya pikipiki. Ilikuwa mlio mmoja mrefu, kama nyuki wengi ndani ya debe. Nzabandora akakaa kwenye karti, akavuta mti wa pembeni ili mkanda ukaze kwenye gurudumu la nyuma, na karti ikaanza kupanda mlima wa kanisa. Kupanda! Watu walitoka mashambani na majembe mkononi. Mama Mukandori, jirani yetu mzee, alikuwa anauliza kila mtu, "Lakini nani anaivuta?" Kule juu motere ilizimika kwa joto, na Nzabandora akashuka akamkumbatia Hako, nyuso zote mbili nyeusi kwa moshi. Nilimwona shemeji yangu akilia. Hako alikuwa tayari anawaeleza watu jinsi inavyofanya kazi, na aliwaeleza vizuri sana.

Desemba vita vilifika. Mabomu yalisikika upande wa Mushaki, kisha karibu zaidi. Thacienne, watoto wawili na mimi tulitangulia njia ya Kashuga pamoja na wengine. Nzabandora alimwambia mkewe, "Mimi na Hako tunafungua motere, tunakuja nyuma yenu." Motere ilikuwa na kilo kama kumi na nane. Dada yangu alibeba mtoto mdogo mgongoni na, kichwani, zile kalibu za mbao zimefungwa katika kitenge. Ili azibebe, aliacha sufuria kubwa ya arusi yake.

Kesho yake, kwenye njia panda, askari waliwasimamisha Nzabandora na Hako. Sitasema wa upande gani. Pande zote zilifanya hivyo. Walitaka watu wenye mabega wa kubeba masanduku ya risasi. Hako alikuwa ameshika chukudu yenye motere, wakamwacha. Nzabandora wakamvuta kwa shati. Alipokuwa anapandishwa sanduku kichwani aligeuka akapiga kelele:

"Hako! Chunga motere! Ambia Thacienne niko muzima, nitarudia!"

"Nitamuambia!" Hako alijibu. "Nenda na amani, kaka, nitamuambia!"

Maneno hayo Nzabandora aliyabeba pamoja na lile sanduku. Siku kumi na moja alitembea, Masisi-centre, Nyabiondo, halafu ndani ya misitu, akila mihogo mibichi. Alipoanza kutetemeka kwa homa na kuangusha mzigo, walimpiga, wakamwacha kando ya njia. Wakulima walimpeleka mpaka Walikale.

Huko alipokelewa na Mama Kanyere, mfanyabiashara aliyetoka Butembo, mjane mkatoliki mwenye duka la chumvi, sabuni na betri. Alikuwa na mashini ya umeme iliyokufa miezi mitatu. Nzabandora, bado na homa, aliifungua akakuta uchafu tu kwenye karbirateri. Tangu siku ile alikuwa na godoro nyuma ya duka na kazi ya kutosha, maana Walikale ya wakati ule ilijaa mashini: pompa za wachimba mawe ya madini, redio, na zile ndege ndogo zilizokuwa zinatua barabarani pale Kilambo. Kurudi hakukuwezekana, njia ya Nyabiondo ilifungwa na mapigano. Alituma ujumbe mara mbili kwa wasafiri na haukufika. Lakini hakusumbuka sana. Aliniambia, "Nilikuwa nalala vizuri, shemeji. Nilijua Hako alishamuambia."

Mwezi wa saba, 2008, Jumapili baada ya misa, Mama Kanyere alikuwa dukani anapima chumvi, na redio inaongea. Nzabandora alikuwa ameinama mlangoni anashona kiatu. Mtangazaji akasema kwamba leo wana mgeni, mvumbuzi kijana wa Kivu aliyejenga kwa mikono yake motere ya kuzunguka ya pembe tatu kwa ajili ya karti. Nzabandora akainua kichwa anatabasamu. Alidhani atasikia jina lake.

Sauti ya Hako ikasema, "Hii mashini niliifikiria mwenyewe, nikaichora mwenyewe, nikaimimina mwenyewe."

"Peke yako kabisa?" aliuliza mtangazaji. "Hukuwa na musaidizi?"

Hako akajibu: "Kulikuwa kaka mumoja alikuwa ananisaidia kuwasha moto. Alikufaka ku vita, kule Karuba. Nilimuzika na mikono yangu."

Mama Kanyere aliacha kupima. Chumvi ilikuwa inamwagika pembeni ya mzani.

"Papa Nzabandora, si njo ile motere unanielezaka kila siku?"

"Njo ile."

"Na ule mwenye alikufa?"

"Iko mimi."

Alirudia kushona. Aliniambia kwamba alishona ule mstari mpaka mwisho, akafunga uzi, akavaa kiatu. Hakuwa anafikiria motere wakati ule. Alikuwa anafikiria neno "nitamuambia", anajiuliza lilisemwa kwa sauti gani.

"Unangoja nini?" Mama Kanyere alimwambia. "Bibi yako naye iko na masikio. Kwenda umuonyeshe uso." Alimpa boti za mpira za kuvaa miguuni, kilo mbili za unga wa muhogo, na barua kwa mfanyabiashara mwenzake wa Masisi-centre ili asikose pa kulala. Nzabandora alitembea siku tisa kuelekea Kashuga, mara nyingine akijificha.

Sisi Kashuga tulikuwa tumeshamlilia zamani. Hatukuwa na haja ya redio. Hako alikuja mwenyewe kambini mwezi wa kwanza, amevaa shati jeusi. Alikaa mbele ya kibanda chetu cha majani na maturubai, akamshika Thacienne mikono yote miwili, akamwambia kwamba bomu lilianguka, kwamba Nzabandora hakuteseka, kwamba alimzika nyuma ya shule na kuweka msalaba wa mti. Alilia. Nataka mnielewe, machozi yalikuwa ya kweli, nilikuwa karibu nayaona. Thacienne alinyolewa nywele. Tulikaa matanga siku nne bila kitu cha kuwapa watu ila maji ya moto. Wakuu wa kambi walimwandika mjane.

Siku ya nne Hako alisema, "Dada, sitaki jina lake lipotee. Nipe zile kalibu. Nitamaliza kazi yake."

Thacienne alimpa. Na aliyezibeba kichwani mpaka kwenye lori barabarani ni mimi. Hako alinishukuru akaniita mwalimu.

Basi fikirini. Mwezi wa saba, nimetoka kuteka maji, nimebeba bidoni, naona mwanaume mwembamba mwenye boti za mpira amesimama kwenye njia ya kambi, anauliza watu. Nilijua ule mgongo. Bidoni ilianguka. Watu waliomfahamu walirudi nyuma. Mwanamke mmoja alifanya ishara ya msalaba.

Thacienne hakukimbia wala hakupiga kelele. Alimwendea polepole, akamshika kidevu, akamgeuza uso huku na huku kama anayekagua kiazi sokoni. Kisha akaketi chini kwenye matope.

"Hako alisema alikuzika," alisema.

"Wapi?"

"Nyuma ya shule."

Nzabandora aliwakumbatia watoto, mdogo akamkimbia kwa woga. Alikula. Tulimweleza yote, naye akatueleza njia panda, masanduku, na lile jibu la Hako. Mwisho akauliza, "Na kalibu?"

"Nilimupa," alisema dada yangu.

"Ulimupa."

"Alisema iko kwa jina lako."

"Mwezi mumoja tu, Thacienne. Haukungoja hata mwezi mbili."

Hilo lilikuwa neno baya kuliko yote, na siku nyingi lilikaa kati yao kitandani. Yeye aliona mkewe alimwamini Hako upesi mno. Dada yangu aliona yeye ndiye aliyemfundisha kumwamini Hako, miaka yote ile ya kumwita kwenye kila chakula. Wote wawili walikuwa na haki, na ndiyo maana hawakuweza kumaliza.

Wiki iliyofuata alikwenda Goma. Hako alikuwa ndani ya karakana ya shirika moja dogo linalofundisha vijana, amevaa bluzi safi ya kazi, ya buluu. Motere ilikuwa juu ya meza, imepakwa rangi nyekundu. Alipomwona Nzabandora mlangoni alishika ukingo wa meza. Kisha akawaambia wanafunzi waende kupumzika.

"Nzaba," alisema. "Mungu iko mukubwa."

"Kaburi yangu iko wapi, Hako? Nilipita Karuba. Nyuma ya shule nilikuta maboga tu."

Hako akaanza kusema haraka. Kwamba waliochukuliwa vile hawarudi, kila mtu anajua. Kwamba alikuwa Goma bila chakula. Kwamba wale wa shirika waliuliza nani aliyejenga, na mtu ambaye hayupo hawezi kujibu maswali. "Nilisema umekufa ili basiniulize juu yako kila siku. Ikitoka mu mudomo, haikurudi tena."

"Ulienda mupaka Kashuga kumuambia bibi yangu."

"Nilikuwa nimeshasema ku Goma. Ningesema ingine Kashuga?"

Nzabandora alikiri kwangu kwamba alikuwa amejiandaa kumpiga. Lakini jicho lake lilikwenda mezani. Aliweka mkono kwenye gurudumu la motere akaizungusha, na ikazunguka bure, nyepesi kama sahani. Haikuwa na pumzi.

"Umeiweka vijiti gani?"

"Vya chuma kikali," Hako alisema, na sasa alikuwa anabembeleza. "Siku ile ulivikata sikukuwa. Mu kaye niliandika 'chuma' tu. Nzaba, kesho kutwa wageni wanakuja, wakubwa wenye wanatoa musaada. Itengeneze. Mbele yao nitasema ukweli wote. Naapa ku kaburi ya mama yangu."

Nimemuuliza shemeji mara nyingi kwa nini alikubali. Siku nyingine alijibu kwamba alitaka ukweli usemwe mbele ya watu wakubwa. Siku nyingine alisema hakuweza kuiacha imekufa vile, kama mtu anavyoshindwa kupita mtoto aliyeanguka, hata kama ni wa adui. Alifungua motere. Ukuta wa chumba ulikuwa na mikwaruzo mirefu. Alifanya kazi siku mbili, akasugua ukuta kwa jiwe na mafuta, akatafuta tambura ya freni, akakata vijiti vitatu vipya. Hako alikaa pembeni yake akimpa vyombo kama zamani, wakacheka hata, mara moja. Alikuwa ameweka kaye gotini na anaandika.

Wageni walikuja watano, saa nne asubuhi. Motere iliwaka kwenye kamba ya pili. Walipiga makofi, wakapiga picha. Hako aliongea Kifaransa kirefu, na Nzabandora alisimama pale na bluzi ya kuazima, akingoja. Mama mmoja mgeni alimwona mikono yake myeusi, akamnyoshea kidole akauliza kitu. Hako akajibu kwa maneno machache. Yule mama akatabasamu, akaonyesha kwamba na huyo papa aseme.

Nzabandora akasema kwa Kiswahili, wazi kabisa, "Hii motere niliijenga mimi, na Hakorimana alinisaidia kuandika. Sikukufa. Mimi njo Nzabandora wa Karuba."

Hako aliwageukia wageni akatafsiri. Kifaransa cha Nzabandora ni kidogo, lakini neno moja alilikamata, maana lilikuwa kila siku kinywani mwa mwalimu wake wa utotoni: apprendre. Kujifunza. Wageni walitikisa vichwa kwa furaha, wakampongeza papa huyu anayejifunza akiwa mtu mzima. Yule mama akamshika mkono.

Nzabandora alirudia maneno yale kwa sauti zaidi. Hako akatafsiri tena, akicheka kidogo, na wageni nao wakacheka.

Wanafunzi walielewa Kiswahili vizuri. Walikuwa kumi na wawili, wamesimama ukutani, na hakuna aliyefungua mdomo. Walitazama chini. Nzabandora aliniambia kwamba uongo wa Hako alikuwa ameshauzoea, lakini kwa wale kumi na wawili ndipo alipojisikia kweli mtu aliyekufa. Alivua bluzi, akaikunja, akaiweka juu ya meza, akatoka. Hako hakumfuata.

Nzabandora alirudi Kashuga na kukuta bado amekufa hata huko. Tulikwenda kwa mwandishi wa kambi ili aingizwe kwenye kadi ya chakula. Yule bwana alipitisha kidole kwenye karatasi.

"Papa, mu liste umekufa."

"Unaniona."

"Nakuona. Lakini lazima muntu mwenye alileta habari ya kifo aje aifute."

Thacienne alisogea mbele. "Mwenye alileta habari alidanganya," alisema. "Mwenye aliandikisha iko mimi. Mimi nilikaa matanga, mimi nilinyolewa, mimi nafuta. Lete kalamu." Na alifuta yeye mwenyewe, mistari mitatu mizito mpaka karatasi ikachanika. Njiani kurudi kibandani niliwaona wanatembea bega kwa bega, kwa mara ya kwanza tangu alipofika.

Oktoba vita vilirudi na Goma yote ikatetemeka. Lile shirika lilifunga mlango. Tulisikia Hako alivuka mpaka na motere, kisha kwamba ameajiriwa nchi nyingine, kisha hatukusikia tena. Mwaka 2010 tulirudi Karuba. Nyumba ilikuwa imebaki kuta. Nzabandora alijenga upya tanuru kabla ya paa, na Thacienne alimwacha afanye hivyo.

Siku moja simu yangu iliita, namba ndefu ya nje. Ilikuwa sauti ya Hako, ya karibu kama yuko jikoni. Hakuomba msamaha. Alisalimia, akauliza mvua, akauliza watoto, kisha akasema anataka kumsikia Nzaba tu, dakika moja. Nilimpelekea simu kwenye tanuru. Nzabandora aliisikiliza muda mrefu, akanirudishia.

"Muambie alikosea namba," alisema.

Siku hizi anamimina sufuria na kutengeneza mashini za kusaga mahindi. Watu wanamletea kazi kutoka Ngungu na hata Masisi-centre, na kazi yake ni nzuri. Lakini hafanyi mbele ya mtu. Ukifika na mashini yako anaipokea, anakuambia siku ya kurudi, anafunga mlango. Wamekuja vijana wenye akili wakiomba kujifunza, mmoja alitoka Goma kwa chukudu, akamrudisha kwa upole. Padri alimwambia ujuzi usiogawiwa ni kama mbegu zilizolala ghalani. Alimsikiliza, akamshukuru, na mlango ukabaki umefungwa.

Mwaka jana nilimwambia jambo nililolibeba muda mrefu, la jina moja kwenye jalada la kaye. Nilimwambia nililiona kabla ya vita na nikanyamaza. Alikuwa anachambua maharagwe. Vidole vyake vilisimama.

"Uliliona wakati gani?" aliuliza.

"Mwaka ule wa mwisho. Kabla motere haijawaka."

Alitoa kokoto kwenye maharagwe, akaitupa uani, akaendelea kuchambua. Tangu siku ile ananiita Mwalimu, na neno shemeji halisemi tena.